Uzi maalumu: Injini za zamani za magari ya spoti, na kwa nini hoja si farasi

#1 (mleta uzi)

Wakuu, heshima zenu.

Kila mjadala wa magari ya spoti ya zamani huishia kwenye namba: lipi lina farasi wengi, lipi linagusa kilomita 100 kwa sekunde chache. Kwa namba hizo ubishi umekwisha siku nyingi. Porsche 911 ya kwanza, iliyoingia sokoni 1964, ilikuwa na injini ya lita 2 yenye nguvu za farasi 130. Leo gari la kupeleka watoto shule linazo hizo na zaidi. Kama nguvu ndiyo ingekuwa hoja, injini hizi zingekuwa zimeshauzwa kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Lakini mafundi bado wanazifungua, wanazipima, wanazirudisha hai, na watu wazima wanasimama kimya zikiwashwa.

Mimi nasema hivi: kila injini kubwa ya zamani ni jibu la swali gumu lililomkabili mtu fulani, akiwa na karatasi, penseli na kiwanda chenye mipaka yake. Na jibu lile halikufichwa. Ukifungua boneti unaliona, ukiwasha unalisikia.

Tuanze na V12 ya Ferrari. Ni 1945, vita vimetoka kuisha na Italia bado inajikusanya. Gioacchino Colombo anamchorea Enzo Ferrari injini ya lita 1.5. Wengine kwa ujazo huo wangeweka silinda nne wakalala usingizi. Yeye akaweka kumi na mbili. Kila silinda ikawa na ujazo wa karibu sentimita 125 za ujazo, na ndiyo maana gari lililotoka nayo 1947 likaitwa 125 S. Kipenyo cha pistoni milimita 55, mwendo wake wa kupanda na kushuka milimita 52.5.

Kwa nini ajitese namna hiyo? Kwa sababu kinachozuia injini kuzunguka kwa kasi ni uzito wa vitu vinavyopanda na kushuka. Pistoni ikifika juu inasimama, inageuzwa, inarushwa chini, na konrodi, mkono wa chuma unaoishika pistoni kwa chini, ndiyo inayobeba maumivu yote hayo. Pistoni ikiwa ndogo na nyepesi, na safari yake ikiwa fupi, unaweza kuizungusha haraka zaidi kabla chuma hakijakata tamaa. Na nguvu ya injini ni msukumo mara mizunguko. Kama huna lita, tafuta mizunguko.

Mchoro ule ulikua na kukua. 250 kwenye majina ya Ferrari maana yake ni karibu sentimita 250 za ujazo kwa kila silinda, jumla lita 3. Kwenye 250 GTO ya 1962 ulitoa farasi wapatao 300, ukilishwa na kabureta sita za Weber (kabureta ndiyo inayochanganya hewa na petroli), kila moja ina koo mbili, yaani koo moja kwa silinda moja.

Hapa nitulie kidogo, maana ndipo moyo wangu ulipo. Kuzilinganisha kabureta sita ni kazi ya sikio. Injini ikiwa inanguruma taratibu, fundi anachukua mpira mwembamba, ncha moja anaiweka sikioni, nyingine mdomoni mwa koo la kabureta, anasikiliza mvumo wa hewa inayoingia. Anahamia koo linalofuata. Kama mvumo ni mzito zaidi, koo hilo linavuta hewa nyingi kuliko jirani yake, basi anagusa skrubu robo mzunguko, anasikiliza tena. Anazunguka hivyo hadi zote zivume sauti moja. Akimaliza, mtetemo uliokuwa ukipita kwenye bodi unakufa. Vipo vipimo vya kupima mvumo huo, na mafundi wengi wanavitumia, ila mpira na sikio bado vinafanya kazi ile ile.

Nitaendelea na Jaguar na Wajerumani. Ulizeni.

#2

Mkuu uzi mzuri ila huu ni ushabiki. Injini ya zamani inavuja oili, inakunywa mafuta, asubuhi haiwaki bila kubembelezwa. Ya kisasa ina kompyuta, inajipima yenyewe mara nyingi kwa sekunde. Kwenye kazi gani hasa ya zamani inaishinda?

#3 (mleta uzi)

Mkuu #2, kwenye kazi haishindi, na sitakubishia. Nikikutajia kasoro zake utaona zilivyo nzito kuliko ulivyosema.

Chukua Mercedes-Benz 300 SL ya 1954, lile lenye milango ya kufungukia juu. Injini yake ya silinda sita, lita 3, ilitokana na ya gari kubwa la heshima la 300. Haikutoshea chini ya boneti ya chini waliyoitaka, wakailaza nyuzi 50 upande mmoja. Kisha wakaondoa kabureta wakaweka pampu ya Bosch inayodunga petroli moja kwa moja ndani ya silinda, ujuzi uliotoka kwenye injini za ndege. Farasi 215, wakati huo ni habari kubwa. Lakini pampu ile inaendeshwa na injini yenyewe. Ukizima gari, plagi zinakufa papo hapo, pampu inaendelea kudunga hadi injini isimame kabisa. Petroli ile haiungui, inateleza kwenye kuta za silinda, inaosha oili na kushuka kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Mwenye gari asipobadilisha oili mapema, beringi zinalia.

Sasa angalia: kasoro hiyo naweza kukueleza kwa aya moja na wewe umeielewa bila mashine ya kusoma kodi za hitilafu. Chanzo unakijua, matokeo unayajua, dawa unaijua. Hicho ndicho ninachokisema. Wahandisi wale waliamua kuilaza injini na kudunga petroli kwenye silinda, wakapata nguvu, wakalipa kwa oili. Biashara yote iko mezani.

Na usifikiri zote zilikuwa dhaifu. Injini ya XK ya Jaguar ilifikiriwa wakati wa vita. William Lyons na wahandisi wake, William Heynes, Walter Hassan na Claude Baily, walikuwa na zamu za usiku za kulinda kiwanda cha Coventry dhidi ya moto wa mabomu, na saa zile wakazitumia kupanga injini ya baada ya vita. Harry Weslake akasaidia kwenye hedi, sehemu ya juu ya injini inayobeba valvu. Wakaamua jambo ambalo lilionekana la kitajiri: kamshafti (mhimili unaozunguka na kufungua valvu) mbili juu ya hedi, moja kwa valvu za kuingiza na moja kwa za kutoa. Peugeot walishalifanya kwenye gari la mashindano 1912, lakini kwa miongo lilibaki jambo la mbio na la watu wachache wenye fedha. Jaguar wakaliweka kwenye gari la kuuzwa madukani. XK120 ikaonyeshwa 1948, lita 3.4, farasi 160.

Kamshafti ikiwa juu kabisa, haihitaji fimbo ndefu za kusukuma valvu. Vitu vinavyoyumba vinapungua, valvu inafunga kwa wakati hata injini ikienda mbio, na hedi inapata nafasi ya kuzipanga valvu kwa pembe na plagi katikati, mahali ambapo moto unasambaa sawasawa. Injini hiyo ilishinda Le Mans, mbio za saa 24 za Ufaransa, 1951, 1953, 1955, 1956 na 1957. Ikafungwa pia kwenye vifaru vyepesi vya Scorpion vya jeshi la Uingereza. Sasa hiyo utaiita injini ya kubembelezwa?

#4

Mimi nina swali la sauti. V8 ya Marekani inaguguma, V8 ya Ferrari inalia kama inapasua hewa. Zote silinda nane, zote herufi V. Tofauti inatoka wapi? Ekzosi tu?

#5 (mleta uzi)

Mkuu #4, swali hili nilikuwa nalisubiri.

Ekzosi inachangia, ila mzizi uko kwenye krenkshafti, ule mhimili unaozungushwa na pistoni zote. Itoe mezani uitazame kutokea mwisho wake. V8 nyingi za Marekani, vikono vinavyoshika konrodi vimepangwa nyuzi 90 kimoja na kingine, unaona umbo la msalaba. V8 za Ferrari vikono viko upande huu na upande wa pili tu, nyuzi 180, krenkshafti imekaa bapa.

Ule msalaba, ukiwekewa vizani vizito, unaua mitetemo vizuri sana. Injini inatulia hata ikiwa kubwa. Gharama yake ni kwamba milipuko haipishani vizuri kati ya kushoto na kulia. Kuna wakati silinda mbili za upande mmoja zinawaka mfululizo, kisha upande ule unapumzika kwa muda mrefu kidogo. Kwa hiyo kwenye bomba la upande huo moshi unafika kwa mafungu: mawili ya haraka, pengo, moja, pengo refu, moja, pengo. Ule mguguno unaousikia ni hayo mapengo.

Krenkshafti bapa inabadilishana upande kila mlipuko: kushoto, kulia, kushoto, kulia. Kila bomba linapokea moshi kwa nafasi zilizo sawa, na wimbi la moshi unaotoka linasaidia kuvuta moshi wa silinda inayofuata. Haihitaji vizani vikubwa, ni nyepesi, inapanda mizunguko haraka. Gharama yake ni mtetemo mkali unaopita hadi kwenye usukani. F40 ya 1987, yenye lita 2.9, tabo mbili (feni zinazosukumwa na moshi ili kushindilia hewa kwenye injini) na farasi 478, ilikuwa na krenkshafti ya namna hiyo.

V12 ni jambo lingine kabisa. Silinda sita za mstari zinajisawazisha zenyewe, kila pistoni ina mwenzake wa kuifutia mtetemo. V12 ni sita mbili juu ya krenkshafti moja. Ikipangwa kwa nyuzi 60, mlipuko unakuja kila nyuzi 60, yaani sita kwa kila mzunguko. Piga hesabu kwenye mizunguko 7,000 kwa dakika: milipuko 700 kwa sekunde. Sikio haliwezi tena kuihesabu, linapokea noti moja ya juu iliyonyooka. Huo ndio wimbo wa V12, na hakuna aliyeutunga ili upendeze. Ulitoka kwenye hesabu za Colombo za kupunguza uzito wa pistoni.

Tukiwa kwa Wamarekani, msiidharau V8 ndogo ya Chevrolet ya 1955. Ed Cole na timu yake walipewa swali la mhasibu: nguvu nyingi, uzito mdogo, bei ya chini. Wakatupa kila kisichohitajika. Roka amu, vile vikono vinavyobonyeza valvu, zikawa za bati lililopigwa kwenye mashine, badala ya chuma cha kusubu. Fimbo za kusukuma valvu zikawa na tundu katikati, na oili ikapita humo humo kwenda juu kulainisha hedi, mabomba ya nje yakaondoka. Ilianza na inchi 265 za ujazo, lita 4.3. Mwaka 1957, ikiwa na inchi 283 na mfumo wa kudunga mafuta, ikatangazwa kwa farasi 283. Farasi mmoja kwa kila inchi, kutoka injini ya kamshafti moja tumboni! General Motors walisherehekea ya milioni 100 mwaka 2011. Kuna ufundi wa dhahabu na kuna ufundi wa kubana matumizi, na huu wa pili ni mgumu zaidi.

#6

Umezunguka Ulaya na Marekani, Wajapani umewaacha mlangoni. Halafu mtu anaitwa mpenzi wa injini.

#7 (mleta uzi)

Hawako mlangoni, mkuu, nilikuwa nafuata miaka.

Skyline GT-R ya kwanza ya Nissan, 1969, ilikuwa na injini ya S20: lita 2, silinda sita za mstari, kamshafti mbili, valvu 24, farasi 160. Valvu nne kwa silinda kwenye gari la barabarani mwaka huo. Kisha njoo 1989, injini ya RB26DETT ya GT-R mpya, R32. Watu huuliza kwa nini lita 2.6, namba isiyo ya kawaida. Kanuni za mbio za Kundi A zilizidisha ujazo wa injini yenye tabo mara 1.7. Sentimita 2,568 mara 1.7 ni kama 4,366, ikaingia daraja la chini ya 4,500. Injini ilichongwa kwa kipimo cha kitabu cha sheria. R32 iliyobeba injini hiyo ilishinda mbio zote 29 ilizoingia kwenye ubingwa wa magari ya abiria wa Japani, kuanzia 1990 hadi 1993.

2JZ-GTE ya Toyota Supra ya 1993 inajulikana na kila mtu, sitaikalia sana. Kipenyo milimita 86, mwendo milimita 86, bloku ya chuma cha kusubu, beringi kuu saba. Karatasi za Japani ziliandika farasi 280 kwa sababu watengenezaji walikuwa wamekubaliana kutovuka hapo, makubaliano yaliyodumu hadi 2004. Bloku ile haikuwa na habari na makubaliano, ndiyo maana watu wanaongeza tabo kubwa na yenyewe inabeba.

Kinachonigusa zaidi kwa Wajapani ni Honda. Kamshafti ina tatizo la kuzaliwa: umbo linalofaa mizunguko ya chini linainyima injini pumzi juu, na linalofaa juu linaifanya ikohoe chini. Miaka yote mhandisi alichagua maumivu yake. Mwaka 1989, kwenye Integra, B16A ikaja na VTEC: kamshafti moja ina maumbo mawili, na shinikizo la oili linasukuma pini inayofunga roka amu zishikamane na lile umbo kali mizunguko ikipanda. Lita 1.6, farasi 160, bila tabo. S2000 ya 1999 ikafika farasi 250 kwa lita 2 na mstari mwekundu, yaani kikomo, wa mizunguko 9,000.

#8

Naomba niongezee hapo, mleta uzi asije akapita. Mazda! Injini ya Wankel haina pistoni wala valvu. Kuna rota ya pembe tatu inayozunguka ndani ya chumba chenye umbo la yai lililobanwa kiunoni. Cosmo Sport ya 1967 ilikuwa na rota mbili, kila moja sentimita 491 za ujazo, farasi 110. Shida ilikuwa kwenye sili za ncha za rota. Zilitetemeka na kukwaruza ukuta wa chumba, mistari mistari, wahandisi wakaiita kucha za shetani. Kenichi Yamamoto na kundi lake la wahandisi 47 walihangaika na mikwaruzo ile hadi wakapata sili za kaboni iliyochanganywa na aluminiamu. Kampuni nyingine zilizonunua leseni ziliachana nayo moja baada ya nyingine. Mazda wakabaki nayo, na 1991 gari lao 787B lenye rota nne likashinda Le Mans. Kampuni ya kwanza ya Japani kufanya hivyo.

#9 (mleta uzi)

Ahsante sana mkuu #8, hapo umenisaidia. Nitie neno moja tu: Wankel ndiyo mfano mzito kuliko yote niliyotoa, maana wengine walikuwa wanaboresha kitu kinachojulikana. Hawa waliirithi ndoto isiyofanya kazi na wakakataa kuiacha.

#10

Sasa kama ni nzuri hivyo, nani alizimaliza? Tabo? Umeme?

#11 (mleta uzi)

Mapema kuliko umeme, mkuu. Marekani ilipitisha sheria kali ya hewa safi 1970, 1973 ukaja msukosuko wa mafuta, na kufikia 1975 magari mapya mengi ya kule yalifungwa kichujio cha moshi chenye madini. Kabureta inakadiria mchanganyiko wa hewa na petroli, na kichujio kile kinahitaji uhakika. Hapo ndipo kompyuta na nozeli zilipoingia, na haikuwa njama ya mtu. Hewa ya miji ilikuwa mbaya kweli.

Porsche ndio waliokataa kwa muda mrefu. Silinda sita zilizolala, tatu kila upande, zinapozwa kwa feni kubwa na oili nyingi, bila rejeta ya maji. Wahandisi wao waliisukuma mbali: Carrera RS ya 1973, lita 2.7, farasi 210, silinda za aluminiamu zenye ngozi ya nikeli na silikoni ndani, nyembamba kiasi cha kuruhusu kipenyo kikubwa kwenye bloku ile ile. Kisha Turbo ya 1975, farasi 260. Lakini hewa haipozi hedi yenye valvu nne vizuri kama maji, na bila koti la maji kelele zote za chuma zinatoka nje. Sheria za moshi na za kelele zikabana pande zote mbili. 911 ya mwisho ya kupozwa kwa hewa ilitoka kiwandani 1998.

#12

Swali la mwisho mkuu. Ukipewa moja tu uitunze maisha, ipi? Usikwepe.

#13 (mleta uzi)

Sikwepi. Wengi mngetegemea niseme V12 ya McLaren F1, ile Paul Rosche wa BMW aliyomtengenezea Gordon Murray: lita 6.1, farasi 627 bila tabo, chumba chake cha injini kikafunikwa kwa karatasi za dhahabu halisi kwa sababu dhahabu hurudisha joto vizuri. Gari hilo lilishinda Le Mans 1995, na mwaka 1998 likafika kilomita 386 kwa saa. Kwangu hiyo ndiyo kilele cha injini inayovuta hewa yenyewe, na naiheshimu mno kutaka kuikalia peke yangu.

Mimi nachukua XK ya Jaguar, ile ya lita 3.8 iliyowekwa kwenye E-Type ya 1961. Ukiivua kifuniko unakuta kamshafti mbili zimelala sambamba, minyororo ya taimingi mbele, vikombe vya valvu vimepangwa kama vya mezani, na chini ya kila kikombe kuna kidude cha chuma chembamba cha kurekebisha nafasi ya valvu. Unapima kwa fila (kibati chembamba cha kupimia nafasi), unaandika, unatoa kamshafti, unabadilisha kidude kimoja kwa kingine chenye unene tofauti, unarudisha, unapima tena. Kazi ya siku nzima, na ukikosea mpangilio unarudia. Lakini hakuna sehemu hata moja ya injini ile ambayo mtu mwenye subira na funguo nzuri hawezi kuifikia akaielewa. Waliendelea kuifunga kwenye limozini za Daimler hadi 1992, miaka 44 tangu ilipoonyeshwa.

Kesho nikipata nafasi nitaweka habari za Alfa Romeo na V6 ya Giuseppe Busso. Mwenye picha za krenkshafti bapa na ya msalaba aziweke hapa, mkuu #4 azione kwa macho.